Kuosha Muzee na Macho ya Kufunga

Ninyi mabinti benye munakuja kwangu kila siku ya posho, Jumamosi, kujifunza kazi, na kaye ya kuandika mu mukono, muweke kaye chini kwanza. Mi niliishia ku darasa ya ine, na nimeosha bazee miaka mingi mu Lubumbashi hii, kutoka Katuba ya bamaskini mpaka Golf ya batajiri, mpaka siku mugongo yangu ilikataa. Leo nikiinama kuokota kijiko ninabakia kule chini kidogo, ninawaza mambo yangu, kisha ninapanda. Njo pale nilipata wakati wa kuwaza hii yenye ninawaandikia.

Tuanze na maji. Maji ya kuosha muzee munaipima na kiwiko, hapana vidole. Vidole ya mwanamuke mwenye amepika bukari, ugali yetu, miaka makumi mbili haisikie tena moto. Itawaambia maji iko muzuri, na muzee anaungua. Mi niliunguza moya. Hakulia, alinitazama tu, na ile macho yake ninaionaka mpaka leo nikitia maji mu basine.

Tena, mbele ya kugusa muntu, museme. "Sasa ninakamata mukono." "Sasa ninageuza shingo." Muntu mwenye mwili yake imelala anashituka sawa mutoto ukimugusa bila kusema. Na musianze na miguu. Muanze na uso, juu uso njo muntu mwenyewe. Ukianza na miguu, atafikiri unaosha maiti.

Nitataja majina ya bakosefu. Zamani nilikuwa ninasema "bantu fulani", "fami moya hivi". Nimechoka kubafunika. Fidèle, Astride na Prosper: bale njo bana batatu ba Papa Ngoy, muzee wangu wa kwanza. Fidèle iko na villa kule Golf. Astride iko Kipushi, anavuka mupaka na biashara yake. Prosper, mudogo wao, alikuwa bwana yangu. Tulioana kwa mali tu, ile mahari, kwa mila, juu kila mwaka alikuwa anasema padiri tutamuona mwaka yenye inakuja.

Papa Ngoy alikuwa mashinisti wa treni, muntu wa Kabalo, wa kaskazini. Maisha yake yote alipeleka treni kule na kurudia. Siku moya alianguka mu lupango yake, ule uwanja wa nyumba ya Kamalondo kwenye mi na Prosper tulikuwa tunaishi naye, na upande ya kuume ikafwa. Ulimi ikabakia, lakini nzito. Bana bake balikuja, tukakaa mu salo, chumba ya bageni. Fidèle akasema muzuri sana, mi mwenyewe nililia.

"Papa hatatoka mu nyumba yake," akasema. "Hatuko bapagano. Papa ni wetu, tutamuchunga sisi benyewe."

Kisha bote bakanitazama.

"Vero iko pa nyumba," Astride akasema. "Anafanyaka nini siku muzima?"

"Ninauzisha mikate, yaya," nikamujibu, juu yeye ni mukubwa yangu.

"Mikate ya mafuta. Basi."

Njo vile mikate yangu iliisha. Ile mikate ndogo ilikuwa inalipa maji, inalipa makala ya kupika, inanilipa hata kikwembe moya ya kuvaa ku sikukuu. Fidèle akatengeneza groupe ya fami mu telefone. Kila juma alikuwa anaandika: "Courage Vero, Mungu atakulipa," na ile picha ya mikono mbili ya kuomba. Mi nilikuwa nahitaji mikono mbili ya kweli, ya kuinua muzee kilo makumi munane.

Sasa munisikilize muzuri, juu ninyi ba leo hamujue tena mambo ya buko. Kwetu muke wa mutoto anamuheshimu baba ya bwana yake sawa moto. Hakule naye, hapite karibu yake, na zaidi ya yote hamuone mwili. Kumuona uchi ni mukosi kwa bote babili. Iyo njo buko. Mujukulu yeye iko na ruhusa, juu yeye na nkambo yake, babu, bako mu michezo tu, anaweza kumuosha akimucheka. Lakini mi Mungu hakunipa mutoto, na bana ba Fidèle balikuja mara moya, bakapiga foto na nkambo, bakaweka ku telefone, bakaenda. Muke wa Fidèle, Madame Clarisse, hakuvuka hata mulango ya chumba. "Buko, unajua," alikuwa anasema na mukono ku kifua. Ni kweli. Buko ilimusaidia sana, ile mama.

Alibakia Prosper, mutoto mwanaume, yeye alikuwa na haki yote. Siku ya kwanza alikamata basine, akatapika ndani. Juma yenye ilifuata akapata kazi Kipushi. Kipushi ni hapa tu, muntu anaenda asubui anarudia magaribi. Yeye alikuwa anarudia mwisho wa mwezi. Kisha anarudia ku Noeli.

Mwenye alinifundisha kazi ni jirani, Papa Mwape. Alikuwa zamani garçon de salle mu hospitali, ule wa kubeba bagonjwa na kupangusa chini. Hakuna dokta alikuwa anamusalimia. Lakini alikuwa anajua kugeuza muntu muzito sawa vile ninyi munageuza mukate mu mafuta: unakunja goti yake moya, unaweka mukono yake ku kifua, unavuta nyonga, na muntu anakuja yeye mwenyewe, hata hautoke jasho. Alinifundisha kushona gunia ya plastiki ya bunga chini ya shuka, kuweka jani kubwa ya ndizi juu yake wakati wa joto, juu jani inatuliza ngozi. Alinifundisha kugeuza muzee mbele kidonda haijaanza, hapana kisha. Ngozi ikianza kuwa nyekundu ku kiuno, weye umeisha kuchelewa.

Majuma ya kwanza yeye njo alimuosha Papa Ngoy, kwa malipo ya saani ya bukari na majani ya sombe. Kisha mikono yake ikaanza kutetemeka, na siku moya muzee karibu aanguke. Tukakaa pa mulango sisi babili. Ndani muzee alikuwa anasikia harufu yake mwenyewe. Munajua ile kimya ya muntu mwenye anasikia harufu yake mwenyewe? Mutaijua.

"Mwanangu," Papa Mwape akasema, "buko iko mu macho ama mu mikono?"

"Mu macho, papa."

"Basi funga macho. Mikono haionake."

"Papa, weye umekunywa."

"Nimekunywa, ndiyo. Lakini sikiliza vile ninasema."

Nikapasua kikwembe ya zamani, nikafunga macho. Papa Mwape alifunika muzee na shuka, akanisukuma ndani, akafunga mulango. Na mi nikaingia mu ile giza yenye niliishi ndani miaka sita.

Siku ya kwanza nilimutia sabuni mu sikio. Nilitafuta shingo, nikapata pua. Tulikuwa na haya bote babili. Mikono yangu ilikuwa inatembea chini ya shuka sawa muntu mugeni mu muji asiyejua barabara. Kisha nikasikia ile sauti yake nzito:

"Uko Likasi. Shuka."

Nikasimama. "Papa?"

"Kichwa ni hapa Lubumbashi. Shingo ni Likasi. Shuka, Tenke."

Nikaelewa, ni bituo ya treni yake: Tenke ilikuwa kifua. Nikashuka. Tumbo ilikuwa Lubudi. Kisha akasema mbio mbio: "Bukama, daraja ya Lualaba. Treni haisimame." Na kweli mi sikusimama. Nilipitisha kitambaa vile inafaa, bila kukawia, na nikasikia yeye anapumua muzito sawa muntu mwenye amevuka. Magoti, Kamina. Miguu yenyewe, Kabongo. Nyayo, Kabalo. Kule alikuwa ananyamaza. Nilikuwa naosha kidole moya moya, na yeye hasemi, na ninajua amefika kwao, iko pa mutoni na mama yake.

Toka siku ile hatukutaja tena kiungo ya mwili hata moya. Kila siku kisha chakula ya midi, saa sita, tulikuwa tunaenda. Joto ilikuwa juu ya manjanja, ile mabati ya paa, basine inanuka sabuni, inje bantu banapita na mambo yao, sauti yao inakuja mbali, sawa ya bantu ba gare kama treni imeanza kutoka. Mi sijaenda hata siku moya kule kaskazini. Lakini niliona yote na ile macho ya kufunga. Niliona majani marefu ya Bukama yenye maji imesimama ndani. Niliona bamama ba Kamina na samaki mukavu mu mabeseni, banakimbia pembeni ya treni, banaita "mashinisti, mashinisti". Siku ingine alikuwa ananiambia, "Mvua inanyesha Kabongo, angalia," na mi nilikuwa nasikia mvua. Siku ingine nilikuwa nalala nimesimama, mikono inaosha yenyewe, na ninaota kama mi njo treni. Nilikuwa natoka mu kile chumba na macho wazi, ninashangaa Kamalondo iko pale pale.

Lakini nisiwadanganye, juu nilisema nitataja bakosefu bote, na mi niko mumoja. Mu mwaka ya tatu nilimuchukia. Mugongo ilikuwa inauma, mufuko ya bunga imeisha, groupe ya fami imetuma mikono ya kuomba. Nilimusikia anaita kama amejichafua. Sikuenda. Nilikaa inje ku kivuli ya ukuta, nikatazama kuku ya jirani inachokora mavumbi, jua ikazunguka mpaka ikakamata miguu yangu, na sikuenda. Nilifikiri: akufwe leo, nilale. Niliwaza vile kabisa, na sikuogopa. Wakati niliingia, magaribi, hakunilaumu.

"Treni imechelewa," akasema.

"Makala ilikosa, papa," nikamujibu, na kule ndani ya kitambaa macho yangu ilikuwa inatoka maji.

Ile siku itawafikia na ninyi. Ikifika, muite muntu akae na muzee saa moya, mutembee. Na kama hakuna muntu, mutembee lupango muzima mara tatu, murudie. Musikae. Mwenye anakaa hasimame tena.

Astride njo alifungua mulango, sisi tuko ndani. Alipita kutoka Zambia na mizigo, hakupiga hodi. Alikuta mikono yangu chini ya shuka. Kitambaa ya macho hakuiona, ama alikataa kuiona. Alitoka anarudia nyuma nyuma.

Siku ya mungu, Jumapili ya juma ile, bote balikuwa mu salo. Astride akasema: miaka sita Papa hapone, sasa tunajua juu ya nini. Muko, muke wa mutoto, anamushika baba mukwe uchi, na tumbo yake mwenyewe kavu, hakuna mutoto. Neno bulozi, uchawi, hakuitaja. Alisema tu, "Kila muntu anaelewa." Fidèle akasema atamupeleka Papa kwake Golf, na muko asimukaribie tena. Nikamutazama Prosper. Yeye alijua kitambaa, mi nilimuonesha. Alitazama telefone yake. Ninyi munauliza mukosefu mukubwa ni nani? Astride alisema uongo. Prosper alikuwa na ukweli mu mufuko, akaikalia.

Banaanza kumubeba muzee, na yeye anasema, "Vero wapi?" Fidèle akamujibu, "Anakuja nyuma, papa." Ule mulango ya gari ilifungwa.

Majuma tatu kisha, Papa Mwape akanitafuta. Fidèle alikuwa amemuajiri, yeye muzee wa kutetemeka, juu hakujua mwingine. Alikaa pale kwangu bila kunywa kitu.

"Mugongo yake imefunguka," akasema. "Kidonda moya sawa kiganja. Ingine inaanza ku kisigino. Ananiambia, Mwape, hii treni imetoka ku reli. Mi siwezi kumugeuza, mwanangu. Na bana bake banaingia na mask ku pua, banasema bonjour papa, banatoka."

"Hata mi siwezi kuingia. Niko muko wao."

"Ndiyo," akasema. "Njo iyo tu inakufunga."

Akaenda. Lakini mi ule usiku sikulala, niliona jambo sawa unaona kitu chini ya maji safi. Kama niko muko juu ya mali yenye Prosper alitoa, basi mali irudie.

Nikapanda gari ya Kasomeno, kwa kaka yangu Kabwe, mwenye alikula ile mali: mbuzi mbili, blanketi, na feza kidogo. Alinisikiliza mpaka mwisho, anakuna kidevu.

"Ngoja," akasema. "Umetumikia ile fami miaka yote. Bamekufukuza. Na sie njo turudishe mbuzi?"

"Ndiyo, yaya."

"Ni bao bangeongeza mbuzi."

"Ndiyo."

"Na uko unataka kuachana naye upate bwana mwingine?"

"Ninataka kuachana naye niende kumuosha baba yake."

Kaka yangu akamuita muke yake: "Kuja usikilize dada yangu, nione kama ni mi njo nimekuwa kiziwi." Lakini mbuzi alileta. Feza mi nilitoa: niliuzisha bikwembe yangu tatu ya muzuri. Mbele ya bazee ba pande zote mbili, Prosper alipokea mbuzi yake. Aliihesabu, moya, mbili, sawa muntu mwenye iko na mingi. Clarisse alinipigia makofi kidogo. Bantu bale balifikiri bameshinda.

Kesho yake asubui nilikuwa ku geti ya Fidèle.

"Umesahau kitu?" akaniuliza.

"Hapana, patron. Ninatafuta kazi. Nimesikia muko na mugonjwa."

Hakuelewa. Nikamuelezea pole pole, sawa kwa mutoto. Mi haiko tena muke wa mudogo yako. Mali imerudia, mashahidi bako. Mi ni mwanamuke wa inje, garde-malade, wa kuchunga bagonjwa, buko na ninyi sina. Ninalipwa kwa siku, na siku ya mungu ni zaidi. Alitaka kukasirika. Kisha upepo ikatoka kule anekse ya nyuma, chumba ya bakazi, njo fasi balimuweka baba yao, na ile upepo ikatufikia bote babili. Akafungua geti.

Mule anekse pazia ilikuwa ya kufunga. Papa Mwape alisimama, akanipa kiti. Muzee alikuwa amekonda, macho ku manjanja. Nilipima maji na kiwiko. Kitambaa ya kufunga macho sikuleta. Juu ya nini? Nililipa mbuzi mbili na bikwembe tatu juu ya macho yangu. Clarisse alisimama pa mulango, kitambaa na manukato ku pua, anataka kuona vile kazi ya kulipwa inafanywa.

"Papa," nikasema, "sasa ninaosha uso."

Aligeuka. Alinitazama muzuri, macho yangu wazi, mara ya kwanza toka miaka sita tulitazamana karibu vile. Nilifikiri atafurahi. Uso yake ikajaa haya, ile haya yote ya siku ya kwanza, na mukono yake muzima ikaanza kuvuta shuka mpaka ku shingo.

"Funga," akasema.

"Papa, buko imeisha. Tulirudisha mali. Mi ni muntu wa inje."

"Nani alinieleza? Mi sikupokea mbuzi."

Papa Mwape akacheka kwa pua. Kisha akatoa shati yake ya kazi ku musumari, akapasua mukono yake moya bila kuniuliza, akanipa. Nikafunga macho. Giza ikarudia, na harufu ya sabuni, na kule inje mbali sauti ya bantu.

"Lakini papa," Clarisse akasema pa mulango, "huyu haiko tena muko. Tunamulipa. Anaweza kuangalia."

Nikasikia muzee anatafuta pumzi, anapanga maneno yake na ule ulimi nzito, hana haraka.

"Huyu ni muke wa mutoto wangu," akasema. "Na weye mwenye unasimama pale unaangalia, uko nani?"

Mulango ikafungwa. Nikaloweka kitambaa, nikakamua, nikangojea aniambie kama treni inaweza kutoka.